Mama akisafiri wikiendi: baba na watoto watatu, nyumbani Dodoma

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari za Dar zimekuwa nyepesi. Mama watoto anafunga kazi Ijumaa, anapanda treni kwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake, na usiku huohuo yuko ukumbini anakula pilau. Kwa hiyo zamu za baba kubaki na watoto nazo zimeongezeka.

Zamu yangu ya kwanza niliivuka kwa chipsi, katuni na kumpigia mama simu mara kumi na moja. Jumatatu mkubwa alikwenda shule na soksi mbili zisizofanana. Zamu ya tano nikaanza kuifurahia. Kilichobadilika hapo katikati ni kimoja: niliacha kuwaburudisha watoto huku kazi za nyumba zikisubiri walale. Hawalali. Nikawaingiza kwenye kazi zenyewe, kila mmoja kwa kimo chake, na siku ikapata mwendo.

Wangu ni watatu: wa kwanza ana miaka saba, wa kati minne, kitindamimba mwaka na nusu. Wako wakiwa wamezidi au wamepungua umri, rekebisha.

Ijumaa jioni: maji, kadi, na kuuliza maswali yote mara moja

Anza na maji. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mitaa mingi maji ya bomba huja kwa mgao. Usisubiri Jumamosi asubuhi uamke na nepi tatu zenye mzigo ndipo ugundue bomba linapiga miluzi. Jaza madumu, jaza diaba, jaza ndoo ya jikoni. Mkubwa anaweza kushika mpira wa maji, wa kati akahesabu madumu. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya wikiendi na wataipenda, kwa sababu inalowanisha.

Sasa jambo la kushika kweli. Mtoto wa mwaka na nusu anaweza kuzama kwenye maji ya kimo cha kiganja. Anainama kuchungulia ndoo, kichwa kinamlemea, anatumbukia, na hapigi kelele. Kila ndoo iwe na mfuniko unaobana, au iwe chumba chenye mlango unaofungwa. Beseni la kuogea limwagwe palepale mtoto anapotoka. Najua maji ni ya shida na unataka kuyatumia chooni. Yahamishie kwenye dumu lenye kizibo.

Kabla mama hajaondoka, kaa naye dakika kumi na umuulize kila kitu: dawa ya kikohozi iko wapi, nani anakula nini, kadi za kliniki na za bima ziko droo ipi, nani siku hizi analala na taa. Andika. Ukishaandika, usimpigie tena kila nusu saa, maana kila ukimpigia unamrudisha nyumbani. Mpigie mara moja jioni, watoto wamsalimie, basi.

Na simu yako mwenyewe iweke juu ya kabati. Ikiita utaisikia.

Jumamosi asubuhi: fua kabla ya upepo

Dodoma ina hewa kavu, nguo inakauka upesi kuliko Dar. Ila miezi ya kiangazi upepo ukishaamka, vumbi jekundu linapanda na shati jeupe la shule linageuka rangi ya chai ya maziwa likiwa bado kambani. Sare zifuliwe mapema, saa 1 au saa 2 asubuhi, zianuliwe kabla ya saa 5.

Weka mabeseni mawili. La povu ni lako na mkubwa. La kusuuza ni la wa kati, naye mpe soksi, leso na chupi zake tu. Atasuuza soksi moja kwa robo saa, mwache. Kitindamimba mfunge mgongoni kwa khanga. Ndiyo, wewe baba. Mara ya kwanza kutoka nje nimembeba hivyo, majirani walisimama kunitazama. Kina mama wawili walicheka mpaka wakashika ukuta, halafu mmoja akaja kunirekebishia fundo. Mtoto akishalala mgongoni una saa nzima ya mikono miwili, na hakuna kifaa cha dukani kinachokupa hiyo.

Uji upike kabla ya kufua, upoe wakati mnafua. Wa uwele au wa ulezi, mzito kidogo, maziwa mwishoni. Chupa ya chai na sufuria ya uji zikae katikati ya meza, mbali na ukingo, na meza isiwe na kitambaa kinachoning'inia. Nasema hivi kwa sababu wa kati aliwahi kuvuta kitambaa na kikombe cha chai kikamwagikia mkononi. Bibi wa nyumba ya pili alisikia kilio akaja mbio na dawa ya meno.

"Mpake mwanangu, inapoza hiyo."

"Shikamoo bibi. Asante sana, ngoja kwanza nimmwagie maji."

Nilimmwagia maji safi ya baridi kwa kikombe kutoka kwenye dumu, taratibu, dakika ishirini kamili, bibi akiwa amemshika na kumwimbia. Ndiyo huduma ya kwanza ya kuungua: maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20, hakuna dawa ya meno, hakuna mafuta, hakuna yai, hakuna barafu. Lengelenge usilipasue. Kidonda kikiwa kikubwa kuliko kiganja cha mtoto, au kikiwa usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, funika kwa kitambaa safi kisichonata uende kituo cha afya. Ule wa kwetu ulikuwa mkononi, tukaenda. Bibi alikuja nasi, na dawa yake ya meno bado mfukoni.

Sokoni, bila mshikaki

Kwenda Soko la Majengo na watoto watatu inawezekana ukienda mapema na ukienda na orodha fupi. Chukua bajaji. Bodaboda ya mshikaki, baba mbele, mkubwa nyuma, wa kati katikati na mdogo tumboni, hata kama dereva anakuapia kwamba kila siku anabeba hivyo, achana nayo.

Mkubwa mpe pesa ya kitu kimoja, tuseme nyanya. Achague fungu, aulize bei, apokee chenji, aihesabu mbele ya mama muuzaji. Mama wa nyanya wengi wana subira na mtoto anayehesabu. Foleni iliyo nyuma yako ndiyo haina. Wa kati mpe kubeba kitunguu kimoja kikubwa. Kazi yake ni hiyo tu, kukifikisha nyumbani kikiwa kizima.

Msimu wa zabibu utazikuta kila kona, na watoto watazililia. Nunua, lakini ujue zabibu nzima ni miongoni mwa vyakula vinavyokaba watoto wadogo kirahisi: ni ya mviringo, inateleza, na inaziba koo kama kizibo. Kwa aliye chini ya miaka mitano, ikate kwa urefu vipande vinne, toa mbegu, ndipo umpe. Karanga nzima nazo mdogo asizione kabisa, zake zisagwe. Ale akiwa amekaa, si akikimbia.

Akikabwa na hawezi kukohoa wala kulia, usimtie kidole kooni kwa kubahatisha. Mwinamishe, mpige mapigo matano ya nguvu mgongoni katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka, na ana zaidi ya mwaka mmoja, simama nyuma yake, zungusha mikono, ngumi moja iwe juu kidogo ya kitovu, si kwenye kitovu chenyewe, vuta ndani na juu mara tano. Aliye chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo: mlaze kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze umkandamize katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Endelea kubadilishana hivyo huku mtu mwingine akitafuta usafiri. Jifunze Ijumaa, kwa kutumia mto.

Mchana: mlenda ni rafiki wa baba

Wageni wa Dodoma wengi huudharau mlenda mpaka siku watakapobaki na watoto. Unapikwa kwa muda mfupi, haupandi bei ovyo, na mtoto anayekataa kutafuna mboga huumeza bila kesi. Huu wa unga, ule uliokaushwa na kusagwa, ndio rahisi zaidi.

Chemsha maji vikombe viwili na nyanya mbili zilizokatwa. Nyanya zikilainika, tia magadi kidogo sana, kama ncha ya kijiko. Yakizidi mboga inakuwa chungu. Nyunyiza unga wa mlenda taratibu, vijiko viwili au vitatu vya chakula, huku unakoroga usifanye mabonge. Usifunike. Mlenda uliofunikwa hufurika ukazima jiko, na kusafisha jiko lililomwagikiwa mlenda ni adhabu. Ukishavutika, tia karanga zilizosagwa, koroga dakika tatu, chumvi mwisho. Ugali wa mtama au wa uwele ukiupata ni vizuri. Wa mahindi pia wanakula.

Kabla ya kupika, mkubwa na wa kati wachambue mchele au maharage ya jioni kwenye ungo. Kokoto kumi zikipatikana, yupo mshindi. Kazi hii iliwahi kunipa dakika arobaini za utulivu, ambazo katuni hazijawahi kunipa.

Kama unatumia mkaa, jiko likae nje au kibarazani palipo wazi, na mtu mzima awepo. Usiku wa Juni na Julai kunapoa kweli Dodoma, na vishawishi vya kuingiza jiko chumbani vipo. Usiingize hata likiwa limebaki majivu yenye kaa mbili. Kaa linatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuihisi. Ongeza blanketi, walale pamoja.

Kuanzia saa 6 hadi saa 10 jua la Dodoma halina adabu. Walale, au walazwe. Asiyelala alale chini kwenye mkeka, mapazia yafungwe, na wewe ulale pembeni yao. Hapo ndipo hadithi na vitendawili vinapofanya kazi, maana havihitaji mwanga wala umeme. "Kitendawili!" "Tega!" "Popote niendapo ananifuata." Wa kati, ambaye jibu analijua tangu mwezi uliopita, atapiga kelele "kivuli!" kabla hujamaliza. Usimkemee. Mwambie naye atege. Vyake havina jibu na vinachekesha zaidi: "Baba ana tumbo na halina mlango."

Katuni? Ziwepo, ila hesabu vipindi, usihesabu dakika. Mtoto haelewi "dakika tano tena", anaelewa "kikiisha hiki". Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na wa mwaka mmoja asikalishwe mbele yake kabisa. Nyumbani kwetu vipindi viwili baada ya kuoga jioni. Umeme ukikatika, mjadala umeisha wenyewe.

Kuoga watatu bila vita

Maji ya baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yaongezwe juu yake, uyapime kwa kiwiko. Ukianza na ya moto, siku moja mtoto ataingia kabla hujachanganya. Anza na mdogo, maana ndiye anayesinzia kwanza, kisha wa kati, mkubwa aoge mwenyewe huku ukimwita kila baada ya muda. Ngozi inapauka vibaya kwa hewa hii kavu: mafuta mara baada ya kukausha, na midomo usiisahau.

Jumapili: tiara

Baada ya kanisa, au baada ya chai kwa wasiokwenda, unaweza kuwapeleka Chinangali Park au Nyerere Square wakimbie. Ni sawa. Mimi naipa Jumapili tiara, kwa sababu mji huu una upepo wa bure kuanzia Juni mpaka Oktoba. Sisi tulizitengeneza kwa mifuko ya rambo. Ile ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na ukweli gazeti linafanya kazi nzuri tu.

Tafuta gazeti kavu lisilo na mikunjo mingi, njiti sita zilizonyooka za ufagio wa chelewa, uzi wa kushonea magunia, kitambaa chakavu na gundi. Gundi ipike: kijiko kimoja cha unga wa ngano, vijiko vitano vya maji, koroga kwenye moto mdogo mpaka iwe nzito na ianze kung'aa. Wa kati atailamba. Haidhuru.

1. Funga njiti tatu kwa pamoja ziwe fimbo moja ya sentimita 60. Huu ni uti wa mgongo. Tatu nyingine zifunge ziwe fimbo ya sentimita 50, hii ni mikono. Njiti moja moja ni laini mno, upepo wa hapa utaikunja.

2. Kutoka ncha ya juu ya uti pima sentimita 15. Hapo laza mikono kwa kuvuka, katikati kabisa, funga kwa uzi ukizungusha kulia na kushoto. Weka fimbo juu ya kidole: upande mmoja ukilala, sogeza. Tiara isiyo na mizani haitapaa hata ukiisomea dua.

3. Pitisha uzi kuzunguka ncha zote nne, ukaze kiasi. Sasa una umbo la kipande cha kashata.

4. Laza juu ya gazeti, mkubwa akate akiacha sentimita mbili nje ya uzi. Kunja ukingo ndani juu ya uzi, paka gundi, bonyeza. Ianike juani, chini ya jiwe dogo kila kona. Nusu saa inatosha.

5. Hatamu: kata uzi wa sentimita 80, funga ncha moja juu ya uti na nyingine chini yake, upande wa karatasi iliyo wazi, yaani uti wenyewe uwe nyuma. Piga kitanzi kidogo kwenye uzi huo, mahali ambapo ukiinyanyua tiara, kitanzi kinakaa juu kidogo ya ile njia panda ya njiti. Uzi mrefu wa kurushia unafungwa hapo.

6. Mkia: vipande vya kitambaa vilivyofungwa kwenye uzi wa mita mbili hadi tatu, ufungwe ncha ya chini.

Ya kwanza niliyotengeneza na wanangu niliifupisha mkia kwa uvivu. Ilipanda mita tano, ikazunguka kama pangaboi, ikajichimbia kwenye michongoma ya jirani. Ikizunguka hivyo, ongeza mkia. Ikigoma kupanda na upepo upo, punguza mkia au sogeza kitanzi juu kidogo. Mabadiliko ya sentimita moja yanatosha, jaribu moja moja.

Kurusha: uwanja wa wazi, wewe umeupa upepo mgongo, mkubwa amesimama mita kumi mbele yako upande upepo unakokwenda, ameinua tiara juu ya kichwa. Upepo ukivuma anaachia, harushi. Wewe huna haja ya kukimbia. Ikishapaa, mpe uzi uliozungushiwa kwenye kijiti, usizungushwe mkononi, maana uzi ukivutwa kwa nguvu unakata vidole. Wa kati naye ashike, mkono wako ukiwa juu ya wake. Mdogo atakaa chini akila mchanga, mfute.

Mbali na nyaya za umeme, na hili halina mjadala. Ikinasa kwenye waya, iache hapo. Usipande nguzo, usiitupie kijiti, usivute uzi. Mtatengeneza nyingine.

Wakiharisha au wakipata homa

Kula mchanga na zabibu kwa siku moja kuna matokeo yake. Mtoto akiharisha, paketi moja ya ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, mpe kidogokidogo kwa kijiko au kikombe, isiyokwisha ndani ya saa 24 imwage. Omba na vidonge vya zinki. Aendelee kunyonya au kula. Macho yakiingia ndani, akilegea, akitapika kila anachokunywa, au kinyesi kikiwa na damu, usimsubiri mama arudi. Homa vilevile: akapimwe malaria kwanza, usimpe dawa mseto iliyobaki ya mtoto mwingine.

Jumapili jioni

Piga pasi sare zote mbili umeme ukiwepo, hata kama ni saa 8 mchana. Viatu avipake rangi mkubwa mwenyewe, juu ya gazeti lililobaki kwenye tiara. Daftari zikaguliwe, penseli zichongwe, chupa za maji ziwe mlangoni. Madumu jaza tena, maana Jumatatu asubuhi nayo inataka maji.

Usisafishe nyumba ing'ae. Osha vyombo, fagia mchanga, toa kokoto kwenye ungo. Chakula cha mama kifunike mezani, akirudi usiku atakuwa na njaa ya safari. Tiara itundike juu ya mlango wa sebule, mahali mdogo hafiki, na uache watoto walale kabla ya treni kufika. Watamsimulia asubuhi, wote watatu kwa wakati mmoja, wakati wewe unatafuta soksi.